Jinsi Mungu Alivyonivusha Miaka ya Balehe ya Naftali

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mmeitika kwa nguvu, asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Ipo miaka mimi sikuitika hivyo. Nilikuwa naingia humu nimekunja uso, na mtu akiniuliza, "Mama Naftali, nyumbani wazima?" najibu, "Wazima," huku moyoni nasema: wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ni mzima kupita kiasi.

Naftali mwenyewe yupo pale nyuma, karibu na mlango. Anatazama viatu vyake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa, akaniambia, "Sema tu, mama, watu wote wanajua." Kweli mnajua. Lakini wengi wenu mnajua nusu, na hiyo nusu mnayoijua mmeipika wenyewe. Leo nakuja na yote.

Ndugu zangu, mtoto huyu hadi alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikuwa mpole. Alikuwa anateka maji bila kutumwa. Alimwogopa bata mzinga wa mwalimu mkuu, akizunguka njia ya mbali asikutane naye. Nikasema, Mungu wangu, umenipa mtoto wa kuzeekea. Nilijisifu! Wenzangu walipolalamika juu ya wana wao nilikuwa nawasikiliza kwa huruma, kama mtu aliyeshiba anavyomhurumia mwenye njaa.

Kisha ikaja balehe. Sauti ikapasuka. Miguu ikarefuka, suruali ya Pasaka ikawa kaptura kufikia Krismasi. Akawa anakula makande ya watu wazima watatu, na sufuria ikiisha ananitazama mimi kana kwamba nimeificha nyingine. Asubuhi haamki, jua limefika kwenye migomba, yeye amelala kama gogo. Ukimwamsha anakujibu kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Haya yote nilisema sawa, ni ukuaji. Mama gani asiyeyajua?

Lakini likaja jingine. Mtoto akaanza kutafuta kifo.

Alijirusha kwenye maji chini ya maporomoko ya Soni, mahali ambapo hata wanaume waliokomaa wanapita na kuangalia pembeni. Alipanda mti kurina asali bila moshi, kwa sababu mwenzake mmoja alisema moshi ni wa wazee. Akarudi nyumbani uso umevimba hata nikamtambua kwa shati. Alidandia malori ya mbao yanayoteremka kwenda Mombo, ananing'inia nyuma kwa mikono miwili kwenye zile kona, ndugu zangu, zile kona ambazo mimi nikiwa ndani ya gari nafumba macho na kuimba pambio. Na kila mara namwuliza, "Naftali, kwa nini?" Ananijibu, "Sijui." Sijui! Mtoto wa kunyonya akilia unajua ana njaa. Mbuzi akilia unajua anataka nini. Huyu ana mdomo, amemaliza darasa la saba, anaulizwa kwa nini alitaka kufa, anasema hajui. Nilitamani kupasuka!

Na ushauri! Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alisema mtoto amechezewa, kuna mtu amemtupia jicho kwa sababu ya wivu, twende kwa mganga mmoja upande wa Mlola. Mwinjilisti akasema ni pepo la kiburi, tufunge na kuomba. Tukafunga. Mimi nilikonda, Naftali hakukonda, maana yeye alikuwa anakula kwa wenzake. Mwalimu akasema ni kukosa kazi. Jirani akasema ni kudekezwa. Baba yake, mume wangu Zakaria, alisema ni kukosa fimbo, akachukua fimbo. Naftali alilia, akaomba radhi, na nawaambia kweli aliomba kwa moyo, machozi yalikuwa ya kweli. Mchana ule ule akaonekana amening'inia nyuma ya lori. Kila aliyepita mlangoni kwangu aliniachia dawa, na hakuna hata mmoja aliyejitolea kukaa naye siku moja!

Sasa, wadogo mliozaliwa juzi, niwaeleze miaka yenyewe. Ilikuwa ile miaka tulipotolewa kila mtu kwenye kilima chake, tukaja kuishi pamoja huku kando ya barabara katika kijiji cha Ujamaa. Sisemi vibaya. Tulipata shule karibu, tukapata bomba la maji, tukapata zahanati. Lakini fikirini. Zamani kule juu nyumba yetu ilikuwa peke yake. Kijana akitaka kufanya upuuzi, aliyemwona ni ng'ombe, na ng'ombe hashangilii. Huku kijijini vijana wote wa rika moja wakawa wanakaa hatua chache kutoka mlango hadi mlango. Jioni wanakusanyika pale kwenye ghala, wasichana upande huu, wavulana upande ule, wanachekana. Mwanangu akapata watazamaji. Wakati ule sikulifikiria hilo. Nilifikiria wachawi, nilifikiria pepo, nilifikiria damu ya upande wa baba yake.

Kijiji kikapata lori. Mnakumbuka siku lilipofika! Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Lilikuwa limeshatumika, rangi imebabuka, lakini lilikuwa letu sote, la kupelekea kabichi na viazi na mapeasi Mombo bila kumbembeleza mfanyabiashara. Dereva wake alikuwa Mzee Saidi, yule wa upande wa msikitini, mtu mkali, mtu safi, aliyekuwa analifuta lile lori kama wengine wanavyofuta vyombo vya sikukuu.

Katika mkutano mmoja, kabla lori halijanunuliwa, Zakaria alisimama akasema, "Lori ni jema. Lakini mashine ya kusaga imeharibika, na wake zetu wanatwanga mahindi kwa mikono. Tungeanza na mashine." Basi. Maneno hayo tu, tena alikuwa ananitetea mimi. Katibu wa kijiji, kijana aliyeletwa kutoka mbali, msomi, mwenye moto wa kazi, akamtazama kwa jicho la upande.

Jumamosi moja mchana nilikuwa humu kanisani nafagia, zamu yetu akina mama. Mzee Saidi alikuwa amepakia kabichi, akaliegesha lori pale juu kwenye ghala, akaweka jiwe kwenye gurudumu, akaenda kula. Mimi nimeinama na ufagio wangu. Nikasikia vijana wanapiga kelele za furaha. Nikainua kichwa, nikatazama dirishani, dirisha lile pale.

Ndugu zangu, nililiona lori la kijiji linapita. Halina mlio. Injini haikuwaka. Linapita tu, kimya, kama kivuli cha wingu, na juu ya kabichi wamejaa watoto wa watu, wavulana kwa wasichana, wanapunga mikono. Na kwenye usukani yumo mwanangu. Alikuwa anacheka. Halafu nikauona uso wake unabadilika. Nadhani ndipo alipokanyaga breki akakuta hazishiki.

Sikumbuki nilivyotoka mlangoni. Ndala zilibaki humu ndani. Nilikimbia nyuma ya lori lile kama mwendawazimu, na lori likazidi kunipita. Mbele kuna ile kona ya korongo, mnaifahamu, upande mmoja ukuta wa udongo na miti ya miwati, upande mwingine hakuna kitu, ni hewa mpaka mtoni. Nilianza kuomba. Sikuomba sala nzuri, msije mkadhani. Sikusema "Baba yetu uliye mbinguni" wala "mapenzi yako yatimizwe." Nilipiga kelele, "Mungu, niachie huyu mtoto, nimpige mwenyewe!" Hiyo ndiyo sala yangu. Mungu akaisikia! Asifiwe, maana husikia hata tunapoomba kwa hasira!

Niliwaona watoto wanaruka mmoja mmoja upande wa ukuta, wanaangukia kwenye majani. Kisha lori likageuzwa, likaupiga ukuta, likapanda kidogo, likalala ubavu kwenye miwati. Kabichi zikamwagika barabarani, zikateremka korongoni moja baada ya nyingine, puu, puu, puu, na baada ya hapo kukawa kimya.

Alikuwa hai. Mlango umembana mguu, mfupa umevunjika chini ya goti, uso wote damu, lakini hai. Wengine walikuwa na michubuko. Binti wa Mwenyekiti wa kijiji, Elizabeti, aliteguka mkono. Hakuna aliyekufa. Hakuna, ndugu zangu! Wanaume wakamtoa, wakamlaza kwenye machela, wakashuka naye mpaka Soni, na kutoka pale gari la misheni likatuchukua hadi hospitali ya Bumbuli. Njia nzima nimemshika mkono, na njia nzima nilikuwa nambusu na kumfinya. Kumbusu kwa kuwa yu hai, kumfinya kwa kuwa ni yeye.

Daktari aliyemfunga mguu alikuwa mtu mzima, mwenye miwani, sauti ya taratibu, sura ya mtu asiyelala vya kutosha. Alipomaliza nilimwambia, "Daktari, mguu umeshauona. Sasa nipimie kichwa. Mtoto huyu ana kichaa, au amechezewa, au ana pepo. Nitajie kimoja nirudi nyumbani nikajue la kufanya."

Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda, akamsemesha Naftali kama mtu anayesemesha mtu.

"Ulijua lile lori halijawashwa?"

"Nilijua."

"Ulijua mbele kuna kona?"

"Nilijua."

"Ulijua mtu anaweza kufa?"

Naftali akasema, "Nilijua, daktari."

"Ungekuwa peke yako pale, hakuna mtu mwingine, ungeliondoa lile jiwe?"

"Hapana! Peke yangu? Nifanye nini?"

"Basi kwa nini uliliondoa?"

Mwanangu akageuza uso ukutani. Akasema kwa sauti ndogo, "Walikuwa wananitazama."

Walikuwa wananitazama! Ndugu zangu, nilisimama nikataka kumvunja mguu wa pili! Mwaka mzima nimefunga, nimelia, nimegombana na mama mkwe, kumbe jibu ni hilo! Daktari akaninyooshea mkono nikae. Akasema, "Mama, hujasikia? Amekueleza ukweli ambao watu wazima wengi hawawezi kuusema."

Ndipo akanifafanulia, na nitawapa kama nilivyopewa, maana nilimfanya arudie. Alisema mtoto akifika umri wa kubalehe, tezi zilizo mwilini mwake huanza kumwaga vitu kwenye damu, vinaitwa homoni. Ni kama watumishi wanaopeleka amri. Ndizo zinazoamuru sauti ivunjike, ndevu ziote, kwa wasichana kifua kijae. Hayo tunayaona. Lakini homoni hizo hizo zinafika kichwani pia, na kule zinaamsha njaa nyingine. Njaa ya jambo jipya, njaa ya kuthubutu, njaa ya kusifiwa na wenzake. Njaa hiyo ni kali kama ile ya makande. Na ile sehemu ya akili inayopima na kusema "ngoja kwanza" haikui kwa kasi hiyo. Yenyewe inakomaa polepole, hata baada ya ndevu. "Chungu kimeshachemka," aliniambia, "na mfuniko bado unafinyangwa." Akiwa peke yake ametulia, anapima vizuri kama mimi na wewe. Wakija wenzake, damu inapanda, sifa inakuwa kubwa kuliko kaburi.

"Kwa hiyo si mchawi?" nikauliza.

"Si mchawi."

"Si pepo?"

"Mama, kama ni pepo basi limepita nyumba zote za nchi hii, hata yangu. Mimi nina wa miaka kumi na sita nyumbani. Wiki iliyopita amepanda juu ya tangi la maji la hospitali, akasimama kwa mguu mmoja." Akavua miwani akayafuta macho. "Naye pia nilimwuliza kwa nini."

Nikacheka! Kitandani amelala mtoto mguu umefungwa plasta ngumu, na mimi nacheka hadi wauguzi wanachungulia. Mwaka mzima sikuwa nimecheka. Ndugu zangu, ule ndio wakati niliofunguliwa. Nilikuwa nimebeba mzigo, nikiamini Mungu ameniadhibu kwa mtoto aliyelaaniwa, nikiwatazama majirani wote kwa jicho la kutafuta mchawi, nikimtazama mwanangu kama nyumba iliyoingiwa na mgeni. Mzigo ukaanguka pale pale sakafuni. Mwanangu alikuwa mwanangu. Alikuwa peasi bichi. Huwezi kulishitaki peasi bichi kwa ugumu wake, ingawa huwezi pia kulitupa barabarani likakanyagwe.

Lakini daktari alinizuia nisivuke mpaka. Akasema, "Nimekueleza sababu, mama. Sijakupa udhuru. Amekosa na atalipa kosa. Ila ukitaka asirudie, usihubiri wakati wenzake wapo, hatakusikia. Msemeshe ametulia, ameshiba. Mweke karibu na watu wazima wenye kazi ngumu ya kweli, inayoogopesha kidogo. Na vumilia."

Nikamwambia, "Na homoni zangu mimi nani atazivumilia?"

Basi nikarudi kijijini mwepesi kama manyoya, nikakuta nyumba yangu inaungua. Si moto wa kuni. Katibu alikuwa ameitisha mkutano. Alikuwa anasema ile si ajali, ni hujuma. Baba alipinga lori mbele ya watu wote, sasa mtoto ameliangusha lori. Ametumwa. Kesi ipelekwe bomani Lushoto. Na ninyi mliokuwepo mnajua miaka ile neno hujuma lilikuwa neno la namna gani. Mtu aliyebandikwa neno hilo hakuwa na jirani tena. Zakaria alikuwa amekaa kitandani nyumbani, shati safi amelivaa, anangoja kuchukuliwa. Aliniambia, "Nilisema mashine ya kusaga tu."

Tukaenda kwenye mkutano, pale uwanjani mbele ya ofisi. Mwenyekiti alikaa mezani, uso mgumu. Binti yake Elizabeti alikuwa miongoni mwa watoto, mkono umefungwa kitambaa. Baba yake alidhani wavulana ndio waliomshawishi apande. Katibu akaeleza hoja zake, na nikiri, zilipangika vizuri. Mtu akizisikia bila kumjua Zakaria angeamini.

Mzee Saidi akasimama kwa hasira. "Mimi siasa sizijui. Mimi nataka huyo mtoto. Nipeni huyo mtoto!" Akakaa.

Nikasimama mimi. Wanawake hawakuwa wanasimama sana siku zile bila kuitwa, lakini nilikuwa nimechoka, na mwanamke aliyechoka hana adabu nyingi. Nikasema, "Shikamooni wazee. Mwanangu amekosa, na sijaja kumtetea. Lakini hakutumwa na mtu. Laiti angekuwa mtoto wa kutumwa! Mimi namtuma kuni haendi! Daktari ameniambia ni umri wake. Ni homoni."

Katibu akainua kalamu. "Homoni ni akina nani? Wako nchi gani?"

Watu hawakujua wacheke au wanyamaze. Nikamweleza kuhusu tezi na damu na njaa ya kusifiwa na wenzake. Wazee wakawa wanatazamana. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo unasema mwanao hana kosa?"

"Ana kosa, Mwenyekiti! Mpeni adhabu mpaka mchoke! Ila adhabu ya mtoto mpumbavu, si ya mhaini. Na msimpe baba yake."

Katibu akasema hayo ni maneno ya mama, kila mama husema hivyo. Na hapo, ndugu zangu, Mungu akamwinua mtu ambaye mimi nisingemfikiria. Elizabeti alisimama. Alikuwa analia, lakini sauti haikukatika.

"Baba, samahani. Hakuna aliyemtuma. Mimi ndiye niliyemwambia hawezi. Nilisema, 'Naftali, wewe unadandia tu malori ya wenzako, hili huwezi kulisukuma hata hatua moja.' Sote tukacheka. Ndipo akaondoa jiwe. Tulitaka liende kidogo tu lisimame. Na liliposhindwa kusimama, yeye ndiye aliyetupigia kelele turuke. Angeweza kuruka yeye. Mlango ulikuwa wazi. Alibaki akaligeuzia ukutani, tusiende korongoni."

Hilo la mwisho mimi nilikuwa silijui. Mwanangu hakuniambia. Nilikaa chini.

Mwenyekiti alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Mtoto wa kike, mbele ya kijiji kizima, amejitia hatiani mwenyewe wakati angeweza kunyamaza na kuondoka msafi. Hata hilo, nadhani, lilikuwa kuthubutu kwa umri ule ule! Wazazi wa wale watoto wengine walinyamaza, wanaogopa neno hujuma, na mtoto ndiye aliyethubutu kusema kweli.

Mwenyekiti akasema polepole, "Jambo hili halipandi Lushoto. Ni la watoto wetu, litakaa hapa." Watoto wote waliokuwa juu ya lori wakapewa kazi shamba la kijiji kila Jumamosi, na binti yake akiwa wa kwanza. Sisi wazazi tukatoa nguvu zetu kulinyanyua lori na kuitengeneza barabara ilipobomoka. Na Naftali, mguu ukipona, akabidhiwe kwa Mzee Saidi. Katibu alisema anakubali, lakini ataendelea kututazama. Nikamjibu, "Tutazame, mwanangu, na karibu chakula." Alikuja kweli, na Zakaria akamkaribisha. Alikuwa kijana mpweke, mbali na kwao. Homoni zake nazo zilikuwa hazijatulia sana.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Ushuhuda unaonyooka siku moja mimi siuamini! Mzee Saidi alimfanya Naftali kuosha lori, kubeba magunia, kuweka jiwe kwenye gurudumu na kulala chini kunyoosha bati, muda mrefu bila kumruhusu kugusa usukani. Mtoto alinuna. Aligombana. Mara moja alipotea kutwa nzima, akarudi amelowa, na sikuuliza, maana nilikumbuka alikuwa hajala. Nilimpa makande kwanza. Alipomaliza akanieleza mwenyewe, na lilikuwa jambo la kipumbavu kabisa, nami nikamwambia ni la kipumbavu kabisa, akasema, "Najua, mama." Kesho yake hakurudia. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, hatua mbele, nusu nyuma. Kuna asubuhi niliamka nimechoka kabla ya kuanza. Nikawa naomba, "Bwana, ongeza kasi." Bwana hakuongeza kasi. Alinipa subira, ambayo sikuwa nimeiomba.

Leo ni fundi wa magari. Mzee Saidi alipozeeka alimwachia vifaa vyake, na wale waliofanya kazi naye wanasema ni mwangalifu hata anachosha. Juzi alinigombeza mimi kwa kupanda kwenye gari lililojaa! Mimi! Nikamtazama nikasema moyoni, Mungu, wewe una ucheshi.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyelisimamisha lile lori. Namshukuru kwa daktari yule, aliyenionyesha kwamba mwili wa kijana nao ni kazi ya mikono ya Mungu, hata pale unapochemka. Mama uliyekaa hapo na kijana anayekukausha damu, usikimbilie kwa mganga, usimwite mwanao pepo. Mshibishe, mkaripie akiwa ametulia, mtafutie mtu mzima mkali mwenye upendo, kisha mkabidhi kwa Bwana, tena mkabidhi kesho, na kesho kutwa, maana Bwana hachoki kupokea. Mwamini. Mimi nilimwamini kwa kelele, nikiwa pekupeku barabarani, na hakuniacha.

Tena mniombee, kwa maana kitinda mimba wangu, Ruta, ametimiza miaka kumi na mitatu. Mzee wa kanisa, taarifa yako ya jana nimeipata, kwamba ameonekana juu ya paa hili, na wenzake walikuwa chini wanampigia makofi. Bwana ni mwaminifu, ndugu zangu! Lakini ile ngazi, tafadhali, ifungieni stoo.

Amina.